Joto la Injini katika Pikapu Kuukuu

Kutoka Waberi, mjini Garissa, hadi Wajir ni mwendo wa zaidi ya kilomita 300. Zipo sehemu za njia hiyo ambapo kijiji kimoja ki mbali sana na kingine, na maji ni haba. Pikapu nyingi zipitazo huko ni kuukuu. Hubeba abiria, mbuzi, maziwa na madumu ya maji, na pengine mgonjwa anayekimbizwa katika hospitali kuu ya Garissa. Gari la namna hiyo likichemka kati ya Modogashe na Habaswein, hasara haimpati mwenye gari peke yake. Kwa hiyo yampasa kila dereva kuijua hali ya injini yake kama mchungaji aijuavyo hali ya ngamia wake.

JINSI INJINI INAVYOPOZWA

Mafuta yanapowaka ndani ya injini, kama theluthi moja tu ya nguvu yake ndiyo inayoliendesha gari. Sehemu nyingine hutoka pamoja na moshi, na sehemu kubwa ya joto lililobaki huchukuliwa na maji. Pampu huyasukuma maji yazunguke injini, kisha yaingie katika rejeta ambako upepo na feni huyapoza. Katikati ya njia hiyo pana mlango mdogo uitwao thamostati. Mlango huu hufungwa injini ikiwa baridi, na katika injini nyingi huanza kufunguka maji yafikapo karibu digrii 82 za Sentigredi.

Kifuniko cha rejeta nacho kina kazi kubwa. Maji yaliyo wazi huchemka kwa digrii 100 hivi mjini Garissa, na kwa digrii 95 hivi Nairobi, ambako nchi imeinuka sana. Kifuniko kizima huzuia mvuke usitoke, na kwa sababu hiyo maji huchelewa kuchemka. Kifuniko kilichoandikwa 0.9 huweza kuyafikisha karibu digrii 118 kabla hayajachemka. Mpira wa kifuniko ukipasuka au springi yake ikilegea, faida hiyo yote hupotea. Wengi hununua rejeta mpya ilhali kilichoharibika ni kifuniko tu.

KUSOMA GEJI

Kila gari lina mahali pake ambapo mshale wa geji hukaa siku zote. Dereva na apajue mahali hapo gari likiwa zima: asubuhi na adhuhuri, likiwa tupu na likiwa na shehena. Njia ya kutoka Garissa kwenda Mwingi hupanda mamia ya mita, na huko mshale huweza kuinuka kidogo kisha ukarudi. Lakini ukipita mahali pake pa kawaida usirudi, hilo ni onyo. Si busara kungoja ufike penye rangi nyekundu.

Liko jambo moja ambalo limewaponza wengi. Kipimo cha geji hufanya kazi kikiwa ndani ya maji. Maji yakimwagika yote, kipimo hubaki katika hewa, na mshale huweza kushuka kana kwamba injini imepoa. Kwa hiyo mshale ukipanda kisha ukaanguka ghafula, au injini ikipungua nguvu na kutoa harufu ya kuungua, dereva asifurahi, bali azime injini mara moja.

MAMBO YANAYOZIDISHA JOTO

Mchana wa Garissa mara nyingi hupita digrii 35, na hewa yenye joto haiipozi rejeta upesi. Penye mchanga gari huenda polepole kwa gia ndogo. Injini hufanya kazi nyingi, na upepo unaoingia mbele ni mchache. Hapo tegemeo ni feni, basi mkanda wake usiwe umelegea wala kupasuka. Jerikeni au mzigo usifungwe mbele ya rejeta. Vumbi, nyasi na wadudu walionasa humo waoshwe kwa maji yasiyo na nguvu nyingi, yakipigwa kutoka upande wa injini kwenda nje.

Maji yenyewe pia huleta madhara. Maji ya visima vingi vya Wajir yana chumvi, nayo huacha magamba ndani ya rejeta na kuzidisha kutu. Maji ya Mto Tana huwa na tope. Yafaayo ni maji safi yasiyo na chumvi, kama ya mvua au yale yanayouzwa kwa ajili ya betri, yakichanganywa na kulanti nusu kwa nusu. Kulanti si dawa ya nchi za baridi tu. Huzuia kutu na kuyachelewesha maji kuchemka.

Wako wanaoing'oa thamostati wakidhani injini itapoa zaidi. Katika injini nyingi, ikiondolewa, sehemu ya maji ya moto hurudi injinini bila kupita katika rejeta, na joto huzidi pale penye kazi nzito. Thamostati mbovu na ibadilishwe, isiondolewe.

GARI LIKIPATA MOTO NJIANI

Kwanza, dereva azime mashine ya baridi, afungue hita hadi mwisho, na apunguze mwendo. Mshale usiposhuka, asimame na kulielekeza gari upepo unakotoka. Ikiwa maji hayavuji, aiache injini iungurume polepole dakika chache. Ikiwa mvuke au maji yanatoka, aizime papo hapo.

Pili, kifuniko kisifunguliwe injini ikiwa ya moto. Maji yaliyozuiliwa humo huruka kwa nguvu na kuunguza uso na mikono. Na asubiri nusu saa au zaidi, mpaka mpira wa juu wa rejeta ushikike kwa mkono bila kuunguza. Kisha afunike kifuniko kwa kitambaa kizito, akizungushe kidogo ili mvuke uishe, ndipo akifungue.

Tatu, maji baridi yasimiminwe katika injini ya moto, kwani chuma huweza kupasuka. Yatiwe kidogo kidogo.

Nne, gari lililochemka likaguliwe na fundi hata kama linatembea. Mapovu katika rejeta, oili iliyogeuka rangi ya maziwa, au moshi mweupe usiokwisha ni dalili kwamba gasketi ya silinda hedi imeungua. Kuibadilisha mapema ni nafuu kuliko kununua injini nyingine.

Mwisho, kila gari na libebe madumu mawili yenye alama tofauti: moja la injini, na moja la watu. Dumu la watu lisitiwe katika rejeta inayovuja, kwa maana maji hayo yatamwagika mchangani baada ya mwendo mfupi, na gari litasimama tena mahali palipo mbali zaidi na msaada. Injini iliyokufa hupatiwa nyingine Garissa. Abiria aliyekosa maji katika jua la adhuhuri hana muda wa kungoja.