Maana ya "To Lose One's Temper"

Tuseme karani mmoja amegombana na mwenziwe kazini, na mkubwa wao akamtaka aeleze kwa barua mambo yalivyokuwa. Karani huyo alikasirika kidogo, lakini hasira ikamtoka, akaenda zake kwa amani. Basi akitafuta Kiingereza cha "hasira ikanitoka", aandika: "I lost my temper." Katika kamusi ameona kwamba "temper" ni hasira na "lose" ni kupoteza, hesabu yake ni njema, jibu ndilo baya. Mkubwa aisomapo barua ile huona kwamba karani amekiri, kwa mkono wake mwenyewe, kuwa alishindwa kujizuia. Ingalimfaa kuandika: "I was angry at first, but I calmed down."

"To lose one's temper" maana yake ni kupandwa na hasira hata mtu asiweze kujitawala. "To keep one's temper" ni kujizuia ijapokuwa umechokozwa. Kwa hiyo aliyeitunza "temper" ndiye mtulivu, na aliyeipoteza ndiye mkali. Jambo hili huwatatiza wanafunzi wengi, wala si ajabu.

Sababu yake ni ya kale. Neno hili asili yake ni Kilatini, "temperare", yaani kuchanganya vitu kwa kadiri ipasayo. Waganga wa Ulaya wa zamani, wakifuata mafundisho ya Wayunani, waliamini kwamba mwilini mna maji ya namna nne: damu, kohozi, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Yakilingana, mtu huwa na tabia njema. Namna moja ikizidi, tabia huharibika. Elimu ya uganga imekwisha kuyaacha mafundisho hayo zamani, lakini neno limebaki. "Temper" ilikuwa ule ulinganifu, na anayeupoteza ndiye anayeghadhibika.

Wahunzi nao hulitumia neno hili. Pua ikichomwa hata ikawa nyekundu, kisha ikatumbukizwa majini ghafula, huwa ngumu mno na huvunjika upesi. Basi mhunzi huipasha moto tena, moto wa kiasi, akiangalia rangi inayotokea juu yake: kwanza manjano kama bua kavu, baadaye buluu. Moto ukizidi, patasi hupoteza "temper" yake, na makali hayakai tena. Pengine mfano huu utamsaidia msomaji kukumbuka kuliko kamusi yo yote.

Baadaye neno lilipata maana ya pili, yaani hasira yenyewe, na hapo ndipo penye mtego. "He has a temper" ni kusema kwamba mtu ni mwepesi wa hasira. "He is in a temper", kwamba amekasirika sasa hivi. Kwa Kiswahili hasira humjia mtu, humshika, humpanda. Kwa Kiingereza mtu ndiye anayeachia kitu alichokuwa amekishika.

Katika kuandika, neno la kumiliki lazima lifuate mtu atajwaye: "I lost my temper", "she lost her temper", haisemwi "I lost the temper". Anayekasirikiwa hutanguliwa na "with": "He lost his temper with the driver." Na "lose" huandikwa kwa o moja, ukiandika mbili, umesema kulegea.