Usimfiche Mumeo Jina la Ugonjwa Wake

Mdogo wangu wa Sotik, barua yako nimeisoma, na ninaanza na swali uliloliweka mwisho kwa sababu ndilo linalokunyima usingizi. Shemeji zako hawataki mumeo aambiwe jina la ugonjwa wake. Karatasi ya maabara ikae kwako, wanasema, yeye aambiwe ni kidonda sugu, na mengine yataonekana baada ya mchango. Moyo wako unakataa, lakini wao ni wengi, na wanasema wanamhurumia.

Mwambie. Mwambie jioni ya leo, kabla hajalisikia kwa mtu mwingine kwenye foleni ya kupima majani ya chai.

Huruma ya shemeji zako naielewa inakotoka. Huko kwenu neno kansa lina sura moja, ya saratani ya umio: mtu anashindwa kumeza kimyet, yaani ugali, kisha uji, kisha maji. Hospitali ya Tenwek imewahudumia wagonjwa wengi wa namna hiyo hadi inajulikana mbali kwa kazi hiyo. Na Sotik haijausahau mwezi wa Julai 2019. Tarehe 29 alifariki Joyce Laboso, mbunge wenu tangu 2008 hadi 2017, kisha gavana wa Bomet, baada ya kutibiwa Uingereza na India. Siku tatu tu kabla yake alikuwa ameondoka Ken Okoth wa Kibra, na siku ya kwanza ya mwezi huohuo Bob Collymore wa Safaricom. Wote watatu kwa saratani. Watu waliokaa na redio mwezi ule wakisikia kansa wanasikia matanga.

Lakini saratani si ugonjwa mmoja. Ya mumeo ni melanoma, imeanzia unyayoni, na kwa maelezo yako bado haijajulikana kama imetoka pale. Melanoma iliyoshikwa ikiwa bado kwenye ngozi huondolewa kwa kisu, na wengi huishi miaka yao. Sasa fikiria: daktari atamwomba akubali kukatwa nyama ya unyayo, pengine na kidole. Nani atakubali kukatwa kidole kwa ajili ya kidonda sugu? Atakataa, na atakuwa na haki ya kukataa kwa sababu mlimpa habari za uongo. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inasema wazi kwamba mgonjwa aelezwe hali yake na matibabu yake kabla ya kukubali. Ugonjwa uko mwilini mwake. Kumnyang'anya habari zake ni kumfanya mtoto nyumbani kwake mwenyewe, na siku atakapojua, jambo litakalomuuma kuliko mguu ni kwamba nyinyi nyote mlikuwa mnajua.

Subiri ng'ombe wakamuliwe na watoto walale. Kaa karibu naye, redio izimwe. Sema maneno machache, kama haya: "Majibu yametoka. Ni saratani ya ngozi, inaitwa melanoma. Daktari anataka kuikata mapema na kuangalia kama imefika kwenye mtoki. Nitakwenda nawe." Halafu nyamaza. Usijaze kimya kwa mahubiri, wala usimwambie Mungu ni mkubwa katika dakika ile ile. Anajua Mungu ni mkubwa. Mwache kwanza asikie alichoambiwa.

Atakuuliza maswali, na la kwanza huenda likawa: mimi ni mtu mweusi, nimepataje saratani ya ngozi? Wengi huamini huu ni ugonjwa wa wazungu waliochomwa na jua. Kwa wazungu ni kweli jua ndilo mshtakiwa mkubwa. Kwetu sisi melanoma hupenda mahali ambapo jua halifiki: unyayo, kiganja, na chini ya kucha. Hata Bob Marley, ambaye picha yake mnaiona kwenye matatu kila siku, alikufa kwa hiyo. Iligunduliwa mwaka 1977 chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu, mahali alipodhani ameumia kwenye mpira. Hakukubali kidole kikatwe. Aliondolewa ukucha na sehemu ya nyama tu. Tarehe 11 Mei 1981 alifariki Miami, akiwa na miaka 36. Hakuna awezaye kuapa kwamba kidole kingemwokoa. Ninachotaka mumeo asikie ni kwamba si wa kwanza, na hakuna alilokosea.

(Wenzetu wenye ualbino wao jua huwaumiza kweli, na mara nyingi huwaletea saratani za ngozi za aina nyingine. Kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua ni kinga yao ya kila siku. Mtu asiviache kwa kusoma haya.)

Tena jiandae kwa swali la pili, ambalo hatakuuliza wewe. Ataulizwa na jamaa. Nani alimtegea? Doa jeusi likitokea unyayoni watu husema amekanyaga kitu, na katika ukoo wenye kesi ya shamba jina la jirani halikawii kutajwa. Usibishane na mama mkwe wako juu ya uchawi. Utashindwa na mtapoteza mwezi mzima. Mwambie hivi: "Mama, tuombe, na hospitali twende." Kitu cha kukataa kwa nguvu zako zote ni doa lenyewe kuguswa. Lisichomwe na chuma cha moto, lisipakwe dawa ya kuunguza, lisikwanguliwe kwa wembe kama sugu au chunjua. Likiharibiwa, daktari atashindwa kusoma lilikuwa na ukubwa gani, na hapo ndipo mpango wote wa matibabu unapoanzia.

Hebu nikueleze watakachotafuta, kwa maana ukielewa utakuwa msaada hasa. Ile nyama iliyokatwa na kupelekwa maabara hupimwa kina chake kwa milimita. Isipozidi milimita moja, matumaini ni makubwa sana. Ikizidi hapo, daktari atataka kuangalia tezi za kwenye kinena, maana saratani ya mguuni ikitoka safari yake ya kwanza ni mtokini. Tezi zikiwa zimevimba huchukuliwa sampuli. Zisipovimba, kuna njia ya kutafuta ile tezi ya kwanza inayopokea maji ya mwili kutoka mguuni na kuitoa ichunguzwe. Picha ya CT huonyesha mapafu, ini na kwingineko. Kisha upasuaji wenyewe: doa hukatwa pamoja na ngozi nzima inayolizunguka, sentimita moja hadi mbili kulingana na kina, na mara nyingi unyayoni hubidi kupandikiza ngozi iliyotolewa pajani.

Kwa hiyo siku ya kliniki, chukua daftari. Nasisitiza daftari. Mtu aliyeambiwa ana saratani husikia sentensi moja na zinazofuata humpita, hata awe mwalimu mkuu. Masikio ya pili ni yako. Andika kina ni milimita ngapi, kama doa lilikuwa limepasuka juu, kama kingo za nyama iliyokatwa zilikuwa safi, nani atapima mtoki na lini, na atakayefanya upasuaji ni nani. Omba nakala ya ripoti ya maabara na uiweke kwenye bahasha ya plastiki. Ndiyo itakayowafungulia mlango Tenwek, au Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi kule Eldoret, au Kenyatta ikibidi mfike Nairobi. Lakini maswali muulizeni daktari mkiwa mmeketi wawili, na daktari akianza kuongea nawe pembeni mlangoni, mrudishe kwa upole: "Daktari, mwambie mwenyewe, mimi nasikia."

Nije kwenye jambo ninaloliona gumu kuliko hospitali. Mumeo alipita jandoni, akafundishwa asitikise hata kope mbele ya kisu, na heshima yake yote kati ya wanarika wake imejengwa juu ya siku ile. Mtu huyu hatakwambia anaogopa. Atasema hakuna shida. Atavaa gambuti kesho yake na kushuka shambani kuchuma, akichechemea, ili aone kama bado ni yeye. Au atakuwa mkali kwa watoto kwa ajili ya mlango uliobaki wazi. Au atakaa nje na ng'ombe mpaka saa nne usiku. Usichukulie ukali ule kuwa ni wako, ingawa matusi usiyavumilie; kuugua si kibali cha kumdhalilisha mke. Na usimlazimishe kuongea. Wanaume wengi huongea mikono ikiwa na kazi. Shika naye kazi ya kukaa, kama kutengeneza ufito wa boma au kupukuchua mahindi, na swali dogo litoke hapo: "Jana daktari aliposema kidole, ulifikiri nini?" Akijibu neno moja, limetosha kwa siku hiyo.

Mpe pia maamuzi, hata madogo. Nani aambiwe na nani asiambiwe ni amri yake. Pengine atataka kaka mmoja tu na mchungaji wajue. Shika hapo. Ukikuta tayari kuna kundi la WhatsApp lenye picha yake na nambari ya M-Pesa kabla hajaulizwa, mwite aliyeanzisha na mwambie alifunge mpaka mwenyewe aseme. Harambee ni kitu kizuri, imewasomesha wengi wetu. Lakini mtu kujiona akichangiwa kama maiti angali anakunywa mursik yake mezani kunamvunja.

Pesa basi. Usingoje bonasi ya chai ya Oktoba. Melanoma haihesabu miezi ya kiwanda. Kabla ya yote bonyeza *147# uone kama familia yenu imesajiliwa kwenye bima ya afya ya SHA, kama wewe na watoto mko kwenye orodha yake, na kama ada ya mwaka mzima imelipwa, kwa sababu asiye mwajiriwa hulipa ya mwaka kwa mkupuo. Kama ni nzito, upo mpango wa Lipa SHA Pole Pole. Kifurushi cha saratani kina kikomo kwa familia kwa mwaka, kwa hiyo ulizeni dawati la SHA hospitalini mmebakiwa na kiasi gani kabla ya kila hatua kubwa, na picha ya CT isirudiwe kwa sababu tu mlisahau ile ya kwanza nyumbani. Nakusihi usikodishe michai yenu kwa miaka mitano, wala kumuuza ng'ombe wa maziwa, kabla ya kujua ugonjwa uko hatua gani. Nimeona nyumba zikitoa kila kitu wiki ya kwanza kwa hofu, kisha nauli ya kliniki ikakosekana.

Ikionekana imesambaa, mtasikia habari za dawa za kuamsha kinga ya mwili ipigane na saratani yenyewe. Ni za kweli. Wagunduzi wawili wa njia hiyo, James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2018. Kwa melanoma zimefanya kazi ambayo kemo ya kawaida haikuweza. Bei yake huhesabiwa kwa laki. Uliza waziwazi: dozi ngapi, bei gani, SHA inalipa kiasi gani, na itamwongezea nini. Mkijibiwa hayo manne, amueni pamoja. Akisema hapana akiwa ameelewa, hapana yake iheshimiwe, na asije mtu akamwita mwoga.

Wanaume mnaosoma hapa, na nyinyi nawaambia, kwani unyayo wa mchuma chai mwanamke si tofauti. Mkeo akiugua usimrudishe kwa mama yake "akauguzwe" huku ukibaki na simu. Nenda naye kliniki. Beba daftari. Jifunze kumfunga bandeji. Na mtandiko wenu usiutenganishe kwa sababu ya kovu, melanoma haiambukizi.

Nikurudie wewe, mdogo wangu. Baada ya upasuaji mguu utakaa juu ya mto kwa wiki kadhaa na ngozi iliyopandikizwa haitaki kukanyagwa. Tafuteni sasa mtu wa kuchuma na mtu wa kupeleka maziwa, mkubaliane ujira, ili asishuke shambani kwa aibu ya kuona majani yakikomaa. Kliniki za kurudi zitakuwa kila miezi michache kwa miaka ya mwanzo. Ziandike kwenye kalenda ya ukutani. Kila mwezi, akishaoga, mwangalie miguu yote miwili, katikati ya vidole, kucha, viganja, na umpapase kinena. Mstari mweusi kwenye ukucha unaopanuka, doa lenye rangi mbili au kingo zisizo sawa, kidonda kisichopona kwa mwezi, uvimbe mgumu mtokini: hayo msingojee tarehe ya kliniki. Na wewe ule. Dada yako au jirani mmoja unayemwamini ajue ukweli wote, ili uwe na mahali pa kulia pasipo mbele yake, ingawa kulia mbele yake mara moja moja si dhambi.

Mwambie jioni hii. Majibu ya mtoki yakitoka, niandikie, tuyasome pamoja.