Akisema "Subiri Korosho Ziuzwe", Mwambie Asaini

Mdogo wangu fundi, wewe wa Nachingwea na mwenzako wa Ruangwa, leo naongea na nyinyi. Najua mnachoambiwa mkishapaua: "Subiri korosho ziuzwe, fundi wangu." Minada ya chama kikuu cha ushirika cha RUNALI inapita, mwenye nyumba anahamia, na wewe unapiga simu isiyopokelewa. Inaniuma, maana mtu analala ndani ya jasho lako.

Kule California, mkandarasi asiyelipwa huandikisha dai juu ya nyumba yenyewe, kwa kawaida ndani ya siku 90 tangu kazi ikamilike. Akichelewa, haki hiyo imempita. Kwetu usiitegemee nyumba, na tafadhali usiende kung'oa mabati, utageuka mshtakiwa. Lako ni deni la mkataba, hata kama mlipatana kwa mdomo, na Sheria ya Ukomo wa Madai inakupa miaka 6 tangu siku uliyostahili kulipwa.

Miaka hiyo inalaza watu usingizi. Shahidi anahamia Masasi, daftari linaliwa na mchwa. Kwa hiyo kabla msimu wa Oktoba haujafika, nenda na karatasi: kazi gani, bei gani, amelipa ngapi, imebaki ngapi, atamaliza lini. Asaini, na mwenyekiti wa kitongoji ashuhudie. Akikiri deni kwa maandishi na saini kabla miaka 6 haijaisha, hesabu inaanza upya siku hiyo. Akigoma kulipa, Mahakama ya Mwanzo inapokea deni la mkataba lisilozidi shilingi milioni 30.

Wapo wasio na nafasi ya kusubiri msimu. Saidia fundi uliyeajiriwa na mkandarasi akakunyima mshahara, una siku 60 tu kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Ukidai kuachishwa kazi isivyo halali, ni 30. Na uliyejenga darasa au zahanati ya halmashauri, huwezi kushtaki bila kutoa kwanza notisi ya siku 90, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Kesi yenyewe ni ya Mahakama Kuu, kwa hiyo mtafute mapema msaidizi wa kisheria. Huduma yake ni bure kwa asiye na uwezo.

Na ile simu yenye ujumbe wa "nitakulipa fundi", usiiuze wala usiufute. Tangu sheria ya miamala ya kielektroniki ya 2015, ujumbe wa simu unapokelewa mahakamani kama ushahidi.