Sindano ya Mgongo Haiui, Kuchelewa Ndiko Kunakoua



Leo tunajifunza juu ya kipimo ambacho watu wengi wanakiogopa. Ni kipimo cha maji ya uti wa mgongo. Vijijini tunakiita sindano ya mgongo. Mara nyingi daktari akikitaja tu, ndugu wa mgonjwa husimama na kusema, "Hapana, daktari. Huyu asiguswe mgongo. Akichomwa hapo atakufa, au atapooza." Wengine humbeba mgonjwa wao na kurudi naye nyumbani usiku huohuo.

Watu hao hatuwacheki. Wanampenda mgonjwa wao na wanataka kumlinda. Lakini mgonjwa anayerudishwa nyumbani bila kujulikana ugonjwa wake anaweza kufa kwa ugonjwa unaotibika. Kwa hiyo jambo hili tusilipite hivihivi. Hebu tulichambue polepole.

MAJI HAYO NI MAJI GANI?

Papasa mgongo wako katikati. Utasikia mifupa iliyopangana kama pingili za muwa. Huo ndio uti wa mgongo. Ndani ya pingili hizo kuna tundu. Katika tundu hilo unapita mshipa mkubwa wa fahamu unaotoka kwenye ubongo. Unene wake ni kama wa kidole kidogo cha mkono. Ubongo ukitaka mguu utembee, amri inapita humo. Ukikanyaga mwiba, habari ya maumivu inapita humohumo kwenda kwenye ubongo.

Ubongo pamoja na mshipa huo vimezungukwa na maji. Kwa mtu mwenye afya, maji hayo ni maangavu kama ya chemchemi. Kazi yake moja ni kuukinga ubongo usigongane na mfupa wa kichwa. Mtu mzima ana kama mililita 150 za maji hayo, yaani karibu nusu ya chupa ya soda.

Sasa sikilizeni jambo kubwa. Maji hayo si akiba ya kuzaliwa nayo ambayo ikichotwa imekwisha. Mwili hutengeneza kama nusu lita ya maji mapya kila siku, na yale ya zamani huingia kwenye damu. Ni kama kisima chenye chemchemi. Ukichota kata moja, maji yanapanda tena.

Kwa kipimo, daktari huchukua kidogo tu. Kwa mtu mzima ni kama vijiko viwili vya chai. Kwa mtoto ni pungufu ya hapo. Kiasi hicho mwili hukirudisha kwa muda wa nusu saa hivi.

KWA NINI MTU HAPOOZI?

Watu husema, "Wakiuchoma ule mshipa mkubwa, miguu itakufa." Swali hilo ni la haki. Jibu lake ni hili. Mshipa mkubwa haufiki mpaka mwisho wa mgongo. Kwa mtu mzima unaishia juu ya kiuno. Chini ya hapo kuna maji na mishipa midogo inayoning'inia kama nyuzi za katani ndani ya ndoo. Sindano ikipita, nyuzi hizo husogea pembeni.

Daktari huchoma huko chini, mahali ambapo mshipa mkubwa umekwisha. Kwanza hushika mifupa ya nyonga, kulia na kushoto, kisha hufuata mstari mpaka katikati ya mgongo. Hapo ndipo anapojua achome kati ya pingili ipi na ipi. Kwa mtoto mchanga mshipa hushuka chini zaidi, na daktari naye huchoma chini zaidi.

Kipimo hiki si cha juzi. Kilianzishwa mwaka 1891 na daktari Mjerumani, Heinrich Quincke, katika mji wa Kiel. Yeye alitaka kuwapunguzia shida watoto waliokuwa na maji mengi kichwani. Tangu wakati huo kimeenea duniani kote.

KIPIMO KINAFANYWAJE?

Mgonjwa hulazwa ubavu. Hukunja magoti kuelekea tumboni na kuinamisha kichwa, kama mtu anayesikia baridi. Kukunja huko kunafungua nafasi kati ya pingili. Wengine huketi na kuinama mbele. Muuguzi humshika ili asitikisike.

Mgongo husafishwa kwa dawa. Kisha huchomwa sindano ya ganzi. Baada ya hapo daktari huingiza sindano nyembamba. Maji hayanyonywi. Yanatoka yenyewe, tone baada ya tone, na kukingwa katika vichupa. Kisha sindano huchomolewa na mahali pale hubandikwa plasta. Kazi yote huchukua kama nusu saa.

DAKTARI ANATAFUTA NINI?

Kwetu, sababu kubwa ya kipimo hiki ni homa ya uti wa mgongo. Huu ni ugonjwa wa ngozi laini zinazofunika ubongo na mshipa mkubwa wa fahamu. Dalili zake ni homa, kichwa kuuma sana, shingo kukakamaa, kutapika, kuogopa mwanga, kuchanganyikiwa, degedege au kupoteza fahamu. Mtoto mchanga huweza kukataa kunyonya, kulia ovyo au kulegea, na utosi wake kuvimba.

Lakini malaria kali nayo huleta homa, degedege na kupoteza fahamu. Kwa macho tu, hata daktari hodari hawezi kuyatenganisha magonjwa hayo kila mara. Ndiyo maana anayataka yale maji.

Maabara kuna mambo wanayoyatazama. Je, maji ni maangavu, au yana ukungu kama maji yaliyooshewa mchele? Ukungu ni dalili ya chembe nyingi nyeupe, ambazo ni askari wa mwili waliokusanyika kupigana. Je, sukari imepungua? Bakteria wakiingia, mara nyingi sukari ya maji hayo hushuka. Je, wadudu wenyewe wanaonekana kwenye hadubini?

Majibu hayo ndiyo yanayochagua dawa. Homa ya uti wa mgongo ya bakteria inataka sindano za antibiotiki kwa siku kadhaa. Ile ya kifua kikuu inataka dawa za miezi mingi. Kuna na ile ya kuvu, inayowapata zaidi watu wenye virusi vya UKIMWI ambao kinga yao imeshuka. Hiyo inataka dawa za kuvu. Tena kwa ugonjwa huo wa kuvu, maji hujaa na kuubana ubongo. Hapo kuyapunguza kwa sindano ni matibabu, si kipimo peke yake. Maumivu ya kichwa hupungua na maisha huokolewa.

Ukitoa dawa bila kujua ugonjwa, ni sawa na kupiga risasi gizani.

MBONA WATU HUFA BAADA YA KUCHOMWA?

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Tuchukue mfano wa kijana mmoja wa kijijini.

Jumatatu ana homa na kichwa kinauma. Anapewa dawa ya maumivu ya dukani. Jumanne anameza dawa ya malaria bila kupimwa. Jumatano shingo imekakamaa na anasema maneno yasiyoeleweka. Wazee wanasema ni mashetani, anaitwa mganga wa kienyeji. Alhamisi anashikwa na degedege, na ndugu wanahangaika kutafuta gari. Ijumaa alfajiri anafika hospitali, hana fahamu. Asubuhi anachomwa sindano ya mgongo na kuanzishiwa dawa. Jioni anafariki.

Kijijini habari inafika hivi: "Asubuhi alichomwa mgongo, jioni akafa." Siku nne za nyuma hakuna anayezihesabu!

Wasomaji wenzetu, jogoo huwika na baadaye jua huchomoza. Je, jogoo ndiye aliyelivuta jua? Hata ukimchinja, kutakucha. Jambo likitangulia jingine, si lazima liwe ndilo lililolileta. Kijana yule alikuwa anauawa na ugonjwa tangu Jumatatu. Sindano ilimkuta njiani.

Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba katika kila watu 6 wanaopata homa ya uti wa mgongo ya bakteria, mmoja hufa. Na katika kila watu 5, mmoja hubaki na madhara mazito, kama vile uziwi au kifafa. Kadiri dawa zinavyochelewa ndivyo hatari inavyozidi.

Kuna ushahidi mwingine. Huko Ulaya na Marekani ya Kaskazini kuna ugonjwa mmoja wa watu wengi, uitwao maltipo sklerosisi. Kwetu hauonekani sana. Katika ugonjwa huo, askari wa mwili hukosea na kushambulia ala inayofunika mishipa ya fahamu ndani ya ubongo na mgongo. Ni kama waya wa umeme uliotafunwa ala yake na panya. Umeme haupiti sawasawa. Mgonjwa huona ukungu jichoni, hufa ganzi, huyumba au hulegea miguu.

Mwaka 1942 wataalamu wa Marekani walionyesha kwamba maji ya mgongo ya wagonjwa hao yana protini za kinga nyingi kuliko kawaida. Mpaka leo madaktari hulinganisha maji hayo na damu. Protini fulani za kinga zikionekana kwenye maji lakini kwenye damu hazipo, huo ni ushahidi mmojawapo. Huunganishwa na picha za ubongo na maelezo ya mgonjwa mwenyewe.

Kwa nini tunautaja ugonjwa wa mbali? Kwa sababu wengi wa watu hao huingia hospitali kwa miguu yao. Wanachomwa mgongo, wanapumzika kidogo, na siku hiyohiyo wanarudi nyumbani kula chakula na watoto wao. Kipimo ni kilekile. Kumbe tofauti iko katika hali ya mgonjwa anapofika.

JE, HAINA MADHARA KABISA?

Tusidanganyane. Kila tiba ina upande wake mgumu. Baada ya kipimo, mtu anaweza kuumwa kichwa kwa siku chache. Kichwa hicho huuma zaidi akikaa au akisimama, na hutulia akilala. Mgongo nao unaweza kuuma mahali palipochomwa. Madhara makubwa, kama damu kuvuja ndani au vijidudu kuingia, hutokea kwa nadra sana.

Wako wagonjwa ambao hawafai kuchomwa mara moja. Kwa mfano, mwenye uvimbe mkubwa ndani ya ubongo, mwenye damu isiyoganda, au mwenye jipu mahali pa kuchoma. Ndiyo maana daktari humpima mgonjwa kwanza. Akiona hatari, huahirisha kipimo. Lakini dawa hazingoji. Mgonjwa huanzishiwa dawa wakati mambo mengine yanaangaliwa.

SASA TUFANYE NINI?

Kwanza, mtu mwenye homa na shingo ngumu, au homa na degedege, au homa na kuchanganyikiwa, apelekwe zahanati au hospitali siku hiyohiyo. Tusingoje kukuche.

Pili, tumweleze daktari ukweli wote. Ugonjwa ulianza siku gani? Amemeza dawa gani, za dukani na za miti? Je, anatumia dawa za kuzuia damu kuganda? Je, akijikata damu hukawia kukatika?

Tatu, tuulize maswali. Ndugu wa mgonjwa wana haki ya kusema, "Shikamoo, daktari. Tunaomba utueleze. Unatafuta ugonjwa gani? Utachoma wapi? Tukikataa, itakuwaje?" Kuuliza si ukaidi. Anayeuliza hukubali au hukataa akijua.

Nne, baada ya kipimo, mgonjwa afuate maelezo ya muuguzi. Kichwa kikizidi kuuma, homa ikipanda, miguu ikilegea, au maji au damu ikitoka palipochomwa, wamwambie muuguzi mara moja.

Tano, watoto wapelekwe kliniki wapate chanjo zao zote. Zimo chanjo zinazozuia baadhi ya vijidudu vinavyoleta homa ya uti wa mgongo.

Siku moja utakuwa umesimama kando ya kitanda cha mtoto wako, au mama yako mzazi, na daktari atakuuliza, "Mnakubali?" Siku hiyo hakutakuwa na muda wa kufungua somo. Lijue leo, na umsomee jirani asiyejua kusoma.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Watu wa kijiji chetu wanasema nini juu ya sindano ya mgongo? Walilipata wapi neno hilo?

2. Kwa nini sindano hiyo haiuchomi mshipa mkubwa wa fahamu?

3. Yule kijana wa mfano wetu, angeweza kuokolewa siku gani? Nani angefanya nini?

4. Tajeni mambo mengine mawili ambayo watu hudhani moja limeleta jingine kwa sababu tu lilitangulia.

5. Usiku wa manane mtu akishikwa na homa na shingo ngumu, tutatumia chombo gani kumfikisha hospitali? Pangeni sasa.

MANENO MAGUMU

Hadubini: chombo cha kutazamia vitu vidogo visivyoonekana kwa macho.

Utosi: sehemu laini juu ya kichwa cha mtoto mchanga.

Ganzi: hali ya kutosikia maumivu wala kuguswa.

Ala: kitu kinachofunika kingine, kama ala ya kisu au ya waya.

Kuvu: aina ya viumbe kama ukungu unaoota juu ya mkate uliolala.