Mashine ya Kutetemesha Mwili: Inashusha Sukari Kweli?

Hebu tuanze na misuli. Msuli ukifanya kazi huchota sukari kwenye damu, hata kama insulini haifanyi kazi vizuri. Ndiyo maana mwenye kisukari huambiwa atembee. Sasa bibi mwenye magoti mabovu atatembeaje?

Hapo ndipo inapoingia hii mashine. Ni jukwaa dogo. Mtu husimama juu yake, magoti ameyakunja kidogo, nalo hutetemeka pengine mara 30 kwa sekunde. Kila mtikisiko huvuta misuli ya miguu, nayo hujikaza yenyewe. (Si unajua daktari akikugonga chini ya goti, mguu unaruka?) Watafiti wameijaribu kwa watu wazima wenye kisukari cha aina ya 2, na katika baadhi ya majaribio sukari ilishuka. Ila majaribio yenyewe ni madogo.

Kwa hiyo ukisikia eti mashine inaponya kisukari, huo ni uongo wa biashara. Mwenye vidonda miguuni au macho yaliyoharibiwa na kisukari asiipande kabla ya kumwona daktari. Na bibi asiache vidonge! Kama magoti yanamruhusu, aketi kitini, ainuke polepole, aketi tena, wewe ukiwa karibu umshike mkono.