Mtoto mchagua chakula: Tumlaumu yeye au tujitazame sisi?

NDUGU msomaji, katika nyumba zetu nyingi wakati wa kula umegeuka kuwa wakati wa ugomvi. Mama ameshinda jikoni, ameandaa ugali, mchicha na dagaa. Mtoto wa kwanza anasema yeye hali mchicha. Wa pili anachambua vitunguu kimoja kimoja na kuviweka pembeni ya sahani. Wa tatu analilia chipsi. Baba naye anauliza kwa sauti ya kukereka, "Leo tena dagaa?" Na bibi, aliyekaa zake mkekani, anasema mchuzi hauna chumvi wala ladha.

Hapo watu hugawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza linasema mtoto asiyekula apigwe mpaka ale, kwani huko ni kudeka na kukufuru neema. Kundi la pili linasema mpeni anachotaka, bora tumbo lijae. Matokeo ya kundi la kwanza ni machozi kila siku. Matokeo ya kundi la pili ni mtoto anayelelewa kwa soda, biskuti na chipsi, na mama anayepika vyungu vitatu kwa kipato cha chungu kimoja. Hoja ya makala hii ni kuwa makundi yote mawili yamekosea njia, kwa sababu hayajajiuliza ladha ya mwanadamu inatoka wapi.

Ladha hufunzwa

Tuanze na somo tunalolipata katika Sunna. Anas bin Malik (R.A.), ambaye alimtumikia Mtume (S.A.W.) tangu akiwa kijana mdogo, amesimulia kuwa fundi cherehani mmoja alimwalika Mtume chakula. Ukaletwa mkate wa shayiri na mchuzi wenye mumunye na nyama iliyokaushwa. Anas akamwona Mtume akiyafuata mumunye huku na huku ndani ya chombo. Tangu siku ile, anasema, naye akawa anapenda mumunye. Habari hii imo katika Bukhari na Muslim.

Zingatia hapo. Anas hakulazimishwa kula mumunye wala hakuahidiwa zawadi. Alikaa chombo kimoja na mtu anayempenda, akamwona anavyokifurahia chakula, moyo na ulimi wake vikafuata. Hiyo ndiyo shule ya kwanza ya ladha.

Wataalamu wa zama zetu nao wamefika huko kwa njia yao. Mwaka 2001 Julie Mennella na wenzake wa kituo cha Monell, Philadelphia nchini Marekani, walichapisha utafiti juu ya kina mama waliokunywa maji ya karoti wakati wa ujauzito au wakati wa kunyonyesha. Watoto wao walipoanza kula, waliupokea uji wenye ladha ya karoti kwa kukunja uso kidogo kuliko watoto wengine. Maana yake ni kuwa ladha ya anachokula mama humfikia mtoto tumboni, na kisha katika maziwa. Mama anayekula mboga za aina nyingi ameshaanza kumfundisha mwanawe.

Kwa nini anakataa?

Mtoto huzaliwa akipenda utamu, na maziwa ya mama ni matamu. Uchungu huukataa, kwa kuwa katika maumbile uchungu mara nyingi ni alama ya sumu. Kisha, baina ya miaka 2 na 6, hujiwa na hofu ya chakula asichokijua. Huu ndio umri anaoweza kutembea na kuokota chochote akakitia mdomoni, kwa hiyo hofu hiyo ni kinga. Isitoshe, baada ya mwaka wa kwanza kasi ya kukua hupungua, na hamu ya kula nayo hupungua. Mzazi asiyejua haya huona ukaidi mahali ambapo pana maumbile tu.

Tena ndimi hazilingani. Mwaka 1931 mkemia Arthur Fox wa Marekani alikuwa akishughulika na unga fulani maabara, ukapeperuka. Mwenzake akalalamika kuwa ni mchungu mno, ilhali Fox mwenyewe hakuhisi chochote. Baadaye ilibainika kuwa tofauti hiyo hurithiwa. Kwa hiyo ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kula mboga ya sufuria moja, mmoja akahisi uchungu mkali kuliko mwingine.

Hata watu wazima ndivyo walivyo. Khalid bin Walid (R.A.) aliingia pamoja na Mtume (S.A.W.) nyumbani kwa Bi Maymuna, mke wa Mtume na dada wa mama yake Khalid. Ikaletwa nyama ya mjusi wa jangwani iliyochomwa. Mtume alipoambiwa ni nyama gani, akauondoa mkono wake. Khalid akauliza kama ni haramu. Akajibiwa kuwa si haramu, ila mnyama yule hapatikani katika ardhi ya watu wake, hivyo nafsi yake haimpendi. Khalid akamla huku Mtume akitazama. Hapa tunajifunza kuwa mtu kutopenda chakula asichokizoea si dhambi. Tunajifunza pia kuwa asiyependa hamharibii mwenzake anayependa.

Baba aanze na nafsi yake

Imepokewa vilevile kuwa Mtume (S.A.W.) hakukitia ila chakula kamwe. Akikipenda hula, asipokipenda hukiacha. Sasa baba anayekunja uso mbele ya dagaa kila jioni anategemea mtoto ajifunze nini? Mtoto anayaona macho ya baba kabla hajaionja mboga. Kiboko hakiwezi kufuta somo ambalo baba mwenyewe amelitoa. Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Kulazimisha kuna hasara yake. Mwaka 1984 Leann Birch na wenzake walionesha kuwa watoto walioahidiwa zawadi ili wanywe kinywaji fulani walikuja kukipenda kidogo kuliko awali. Mwaka 2006 utafiti mwingine ulionesha kuwa watoto waliosukumwa wamalize supu walikula kidogo na kuisema vibaya zaidi. Mama anayesema "maliza mboga nikupe soda" anamfundisha mtoto kuwa mboga ni adhabu na soda ndiyo tuzo.

Tufanye nini basi?

Kwanza, nyumba ipike chakula kimoja, lakini ndani yake kiwemo angalau kitu kimoja ambacho mtoto anakila.

Pili, mboga aliyoikataa irudi tena, kidogo tu, bila maneno mengi. Watafiti wamekuta kuwa mtoto huweza kuhitaji kuonja mara 8 hadi 15 kabla hajaikubali. Wengi wetu hukata tamaa mara ya tatu.

Tatu, tule pamoja katika sinia kila inapowezekana, na mtoto ashiriki kuchambua mchicha au kumenya bamia.

Nne, soda, biskuti na chai nyingi kabla ya mlo viepukwe. Tumbo lililojaa huchagua.

Tano, tusimsahau mzee. Kuanzia miaka 60 hivi uwezo wa kunusa hupungua kwa watu wengi, na sehemu kubwa ya kile tunachokiita ladha hutokana na pua. Meno yamepungua, na baadhi ya dawa hubadili ladha mdomoni. Bibi anaposema mchuzi hauna chumvi, hamsemi mkwewe vibaya. Ndivyo ulimi wake unavyomwambia. Lakini tusimwongezee chumvi na sukari, presha na kisukari vikamwondoa. Tumwekee ndimu, tangawizi, kitunguu saumu na bizari.

Hata hivyo, si kila kukataa chakula ni hali ya kawaida. Mtoto anayepungua uzito, anayetapika au kukabwa mara kwa mara, anayekula udongo, au ambaye vyakula anavyovikubali vinazidi kupungua kila mwezi, apelekwe hospitali. Huyo haombewi wala hapigwi tu, anatibiwa.

Ndugu msomaji, ulimi wa mtoto ni amana kama ulivyo moyo wake. Tunachoweka kwenye sinia leo, na uso tunaokiwekea, ndicho atakachokiita chakula atakapokuwa na nyumba yake. Tusiwarithishe watoto wetu manung'uniko juu ya riziki ambayo wengine wanaililia.

Wabillahi tawfiq.