Pombe haikulala tumboni: acha lavema

SWALI: Dokta, mimi ni baba wa miaka 46, ninabeba mizigo hapa bandarini Kalemie. Nilikunywa lutuku, ile pombe kali, na bia miaka mingi. Niliacha kabla ya Pasaka na tangu hapo sijaonja tena. Sasa ninakula sana, hasa usiku, na chai ninaijaza sukari kama mtoto. Tumbo limetoka. Shangazi yangu anasema hiyo ni pombe ya zamani iliyolala ndani, kwa hiyo ananichemshia majani na pilipili, na mke wangu ananipiga lavema ya dawa hiyo kwa mpira, kwa njia ya haja kubwa, kila Jumamosi. Baada ya hapo ninasikia tumbo limepungua, lakini ikifika Jumatatu limerudi. Niongeze lavema, au niache kula jioni?

JIBU: Baba, acha lavema. Usingoje Jumamosi umalizie majani yaliyobaki, yamwage leo. Na kabla hatujazungumza habari ya chakula, nenda ukapimwe hilo tumbo, maana kwa barua peke yake siwezi kujua kama limejaa mafuta au maji, na hayo ni mambo mawili yasiyofanana hata kidogo.

Kuacha lutuku baada ya miaka mingi ni kazi ngumu, na umeifanya. Ndiyo maana inaniuma kuona kila Jumamosi unaadhibiwa kwa kitu ambacho hakimo tena mwilini mwako.

Habari hii ya pombe iliyolala tumboni nimeisikia kwa wagonjwa wengi mno, na kila mara anayeisema ni mtu mwenye nia njema. Lakini si kweli. Pombe ukiinywa inaingia kwenye damu, na ini ndilo linaloivunja. Chupa moja kubwa ya bia, ini la mtu mzima linaimaliza kwa muda wa saa tatu au nne hivi. Hata aliyekesha na lutuku, baada ya siku moja au mbili hana tena pombe mwilini. Wewe umeacha tangu kabla ya Pasaka! Hakuna hata tone la kuoshwa. Kinachoweza kuwa kimebaki ni madhara yake kwenye ini, na lavema haifiki kwenye ini. Inafika kwenye utumbo wa chini tu, pale kinyesi kinapokaa kabla ya kutoka.

Sasa kwa nini unasikia tumbo limepungua? Kwa sababu umetoa kinyesi, hewa na maji. Jumapili umekula na kunywa, Jumatatu vyote vimerudi mahali pake. Kama ni mafuta, hayajapungua hata gramu moja. Kama ni maji ya ugonjwa wa ini, hayo hayako ndani ya utumbo kabisa. Yako nje yake, katikati ya utumbo na ukuta wa tumbo, na lavema hata ukipiga mia haiwezi kuyagusa.

Lakini hasara yake inafika. Pilipili inachoma ngozi laini ya ndani, na wapo waliokuja kwetu wakitoka damu. Ncha ya ule mpira inaweza kutoboa utumbo, na utumbo uliotoboka unataka operesheni ya haraka, usiku huohuo, la sivyo mtu anakufa. Maji ya kuchanganyia majani yanatoka wapi? Sote hapa Kalemie tunajua kipindupindu kinavyorudi, na bado watu wanachota ziwani au mtoni Lukuga na kuyaingiza mwilini. Mpira wenyewe unaazimwa nyumba kwa nyumba, unasuuzwa tu, unapewa jirani.

Kuna jambo jingine lisiloonekana. Lavema inamwaga maji na chumvi za mwili. Mtu aliyekunywa pombe kali miaka mingi mara nyingi chumvi hizo tayari ni pungufu, na zikishuka zaidi moyo unaweza kupiga ovyo. Na dawa ya majani inayopita njia hiyo inanyonywa upesi na kuingia kwenye damu, bila mtu yeyote kujua kipimo chake. Kazi ya kuivunja na kuitoa inaangukia ini lilelile lililochoka, pamoja na figo. Nimeona wazazi wakipiga lavema hadi watoto wachanga kwa mawazo ya namna hii, na baadhi yao wanafika hospitali wakiwa wamekwisha kukauka. Shangazi mheshimu, mpelekee samaki, msikilize kwa mambo mengine ya ukoo. Kwa hili, mwambie daktari amekataza.

Turudi kwenye tumbo. Mafuta mara nyingi unaweza kuyashika kwa vidole, ni laini, na mtu mwenye mafuta tumboni kwa kawaida hakondi mikononi na mabegani. Maji ni tofauti: tumbo linakaza, linajaa mpaka ubavuni, kitovu kinasukumwa nje, huku mikono na mabega vinakonda. Hukuniandikia kama miguu yako inavimba. Ukivua viatu jioni, bonyeza kwa kidole gumba juu ya mfupa wa mguu, uhesabu hadi kumi, kisha uachie. Shimo likibaki, hiyo ni alama ya kwenda kwa daktari kesho asubuhi. Macho ya manjano au mkojo mweusi kama chai ya rangi, vilevile. Na ukitapika damu, ukipata choo cheusi kama lami, ukianza kuchanganyikiwa, au tumbo likiuma pamoja na homa, nenda hospitali, usingoje kuche.

Hata alama hizi zisipokuwepo, nenda. Hapa kwetu tumbo linajaa maji kwa sababu nyingi: ini lililoharibiwa na pombe, hepatiti B, kifua kikuu kilichoingia tumboni, na kichocho cha tumbo kinachopatikana kwa kuoga na kufua katika maji yenye wadudu wake, kama kwenye baadhi ya sehemu za mwambao wa ziwa letu. Kila kimoja kina dawa yake. Kichocho kina vidonge, kifua kikuu kinatibika, hepatiti B inapimwa kwa tone la damu. Majani hayawezi kuzitenganisha sababu hizi.

Watu wanakuja wamechelewa, nami sitaacha kulisema hili. Wanaanzia kwa shangazi, wanapitia kwenye maombi, wananunua vidonge sokoni, na wakifika hospitali tumbo limejaa mpaka hawawezi kulala chali. Jibu lao ni pesa. Ninajua pesa ni shida. Lakini muuguzi wa kituo cha afya akikulaza kitandani na kukugonga tumbo kwa vidole, anaweza kushuku maji hapohapo na kukuandikia barua ya kwenda hospitali kuu. Ukizijumlisha pesa za majani, pilipili na siku za kazi ulizopoteza ukiwa chooni, si ajabu zingetosha kulipia uchunguzi huo. Nenda wiki hii.

Kama watakuambia ini ni zima na tumbo ni mafuta tu, basi hiyo ni habari njema, na kunona kwako kunaeleweka. Mnywaji wa lutuku mara nyingi hali. Anashibishwa na pombe, tumbo lake limechubuka, hana hamu. Akiacha, hamu inarudi, na kilo chache za mwanzo mwili ulikuwa unazidai. Utamu nao unapiga hodi jioni, saa ileile uliyozoea glasi. Chupa kubwa ya bia ina kama kalori 300, nawe umeiacha, vizuri. Lakini sukre moja ya sentilita 33, Coca au Fanta, ina takriban gramu 35 za sukari, vijiko vidogo vinane hivi. Ukinywa tatu na kuongeza chai yako, umekwisha kurudisha ulichookoa.

Usiache kula jioni. Mbeba mizigo anayeshinda na chai peke yake atamaliza sufuria ya bukari, yaani ugali, usiku, na njaa kali ni mojawapo ya milango inayomrudisha mtu kwenye pombe. Kula asubuhi kabla ya bandari: maharagi, viazi vitamu, au karanga kiganja kimoja. Jioni bukari ipungue na ndagala au mikebuka iongezeke, kwa sababu bukari ya muhogo ina nguvu lakini haina protini ya kutosha kujenga misuli. Sombe, yaani majani ya muhogo, ni chakula kizuri, mwambie mkeo apunguze mawese. Sukari ipunguze kijiko kimoja kila wiki, utazoea. Munkoyo, kile kinywaji cha nafaka, uache kabisa: ule wa leo ni mtamu, ule wa keshokutwa una pombe, na wewe si mtu wa kujaribu. Muulize pia muuguzi vitamini B1, wanywaji wengi wameikosa. Na kama tumbo ni maji, kuna nyongeza: makayabo, yaani samaki wa chumvi, na vile vidonge vya mchuzi viachwe, chumvi ya chakula ni adui, lakini samaki freshi asipunguzwe.

Jipime kwenye mzani wa kituo cha afya mara moja kwa wiki, na kiuno ukipime kwa utepe wa fundi cherehani. Uzito ukipanda kilo mbili au zaidi ndani ya wiki moja, hayo si mafuta, mafuta hayaendi mbio hivyo. Rudi upimwe.

Jambo la mwisho ni la wenzako wa bandarini wanaokutazama na kutaka kukufuata. Wanaokunywa lutuku kila siku tangu asubuhi wasiache ghafla peke yao nyumbani. Katika siku mbili tatu za kwanza mtu wa namna hiyo anaweza kutetemeka, kuona vitu visivyokuwepo, kupata kifafa, hata kufa. Hospitalini ziko dawa za kumvusha siku hizo. Mpelekeni kabla hajaacha, na awaambie kweli kiasi anachokunywa.